Dakika Tano za Kuvuta Pumzi Ufukweni

Naomba mniache kwanza nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka ninyi, maana aibu iliyonikuta pale ufukweni Ujiji, nikiwa na sare yangu nyeupe ya unesi na saa kifuani, mpaka leo nikifika maeneo yale nazunguka njia ya nyuma.

Mimi ni nesi wa zahanati, mwaka wa kumi na moja huu. Wakati ule tulibaki manesi wawili kwa kazi ya manesi watano (mmoja likizo ya uzazi, wawili wamehamishwa, na hakuletwa mtu), na nilishafika mahali pa kuamka asubuhi nikakaa kitandani nikiangalia viatu, nisijue naanzaje kuvivaa. Sikumwambia mtu. Nesi amwambie nani kwamba anaumwa kazi?

Asubuhi hiyo bibi mmoja wa Rusimbi, mgonjwa wetu wa presha, akaniuliza mara ya tatu kile kidonge cheupe anakinywa saa ngapi, nikamfokea. "Bibi, nimeshakwambia! Husikii?" Benchi zima likanigeukia. Bibi akakunja cheti chake polepole, akasema, "Samahani, mwanangu." Wa kuomba samahani nilikuwa mimi, lakini nikaita mgonjwa anayefuata.

Ndipo nikakumbuka semina moja tuliyopewa kazini. Mwezeshaji alitufundisha zoezi la kutuliza akili: kaa wima, fumba macho, fuata pumzi ikiingia na ikitoka, na sauti yoyote ikija usipambane nayo wala usiijibu, iache ipite. Basi ilipofika saa nne, muda wa chai, nikamwambia mwenzangu natoka dakika tano tu, nikateremka ziwani (si mbali na zahanati), nikaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, karibu na akina mama wanaoanika dagaa. Nikafumba macho.

"Mwakeye, nesi!" sauti ikanisalimia kwa Kiha. Nikaiacha ipite.

"Nesi, habari za kazi?" Nayo nikaiacha.

Sasa jamani, Ujiji hii mtu mzima asalimiwe mara mbili na asiitikie, hilo si jambo dogo. Nikasikia minong'ono, nikasikia mchanga unakanyagwa, na mimi najisifu moyoni kwamba leo nimeliweza zoezi kweli kweli. Nisichojua ni kwamba machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye kola.

"Amefiwa huyu."

"Hapana, mtazame anavyohema. Anazimia! Leteni maji!"

Ndoo nzima ya maji ya ziwa ikanishukia kichwani. Nikaruka na ukelele, mguu ukateleza, nikaanguka kifudifudi juu ya dagaa wa watu, na kila nilivyojitahidi kuinuka nikisema "Niko sawa, nilikuwa napumua tu!" ndivyo walivyozidi kuamini kwamba akili imeniruka (nani anaacha kazi aende kupumua?). Mama mmoja mwenye nguvu akanikamata kiunoni, mwingine miguuni, nikapakiwa kwenye bajaji, wawili wakanishikilia kushoto na kulia nisije nikaruka.

Wakanipeleka wapi? Zahanati. Kazini kwangu. Foleni yote ikageuka kumtazama nesi wao, kalowa chapachapa, dagaa kwenye nywele, na wa kwanza kuinuka alikuwa yule bibi wa presha, bado anasubiri dawa zake. "Mpisheni aingie kwanza," akasema, "mimi nitasubiri." Nikamshika mikono nikalia kwa sauti mbele ya wagonjwa wangu wote, nikimwomba msamaha, naye ananipangusa magamba shavuni kwa ncha ya kanga.

Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, dada mmoja mpole asiye na maneno mengi, akanipima presha yeye mwenyewe.

"Hali hii imeanza lini?"

"Niko sawa, dada."

"Sijakuuliza kama uko sawa."

Hapo nikasema. Nikamwambia nimechoka, nikamwambia nawaogopa wagonjwa, na kwamba juzi yake nilikaribia kumchoma mtoto dozi ya mtu mzima, nikashtuka sindano iko tayari mkononi. Dada akaenda kufunga mlango.

"Mimi mwenzio huwa nalia stoo," akasema. "Halafu nanawa uso, natoka."

Tulikaa hivyo, wanawake wawili wazima, hatuangaliani. Siku ile ile akaandika barua ya kuomba watumishi, na mimi akanipa likizo niliyokuwa naiogopa kuiomba. Ameletwa mtu mmoja. Bado hatutoshi, nisiwadanganye.

Zoezi lenyewe silisemi vibaya, linanisaidia, nalifanya nyumbani Katubuka nikiwa nimejifungia. Lakini siku ile nililitumia kujifichia, nikidhani nikitulia vizuri hakuna atakayejua hali yangu, na mwenyewe sitajua. Sirudii tena. Siku hizi nikianza kuchoka namfuata dada ofisini, navuta kiti, namwambia, na yeye siku yake ikifika ananiambia mimi.