Fundi wa Ipyana na Mbao za Kuombwa

Jua halijapanda vizuri, na tayari Andongwisye Mwaisumo amepiga magoti uani kwa Bi Habiba, mjini Kyela, akigonga rafu ya zamani kwa kifundo cha kidole. Anagonga, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena. Kisha anachomeka ncha ya kisu kwenye ubao. Kisu kinagoma kuingia, naye anatabasamu.

"Mninga huu, Bi Habiba," anasema. "Tena wa zamani. Siku hizi mbao za namna hii hazionekani."

Bi Habiba anauza vitenge, na babu yake alikuja huku kutoka Kilwa. Sasa anabomoa duka aliloachiwa na baba yake ili ajenge la matofali ya saruji. Tangu biashara iachiwe huru, mtaa wake umejaa vumbi la ujenzi, na rafu zilizobeba bidhaa tangu enzi za wazee zinatupwa uani zikisubiri kuwa kuni. Fundi huyu hufika kabla hazijafika jikoni.

"Zichukue zote," Bi Habiba anamwambia. "Lakini nisikilize, fundi. Nimekupa uvushe watu. Nisije nikasikia umewazika nazo."

Andongwisye anacheka kidogo, halafu anajishughulisha na kamba. Neno hilo limemgusa penyewe.

Kwa kazi yake ya kila siku, Andongwisye, mwenye miaka hamsini na miwili, ni fundi baiskeli wa Ipyana. Kazi yake ya pili haina malipo. Anaomba mbao ngumu kwa watu, na kwa mbao hizo anatengeneza vivuko vya baiskeli kwenye vijito na mifereji inayokatiza mashamba ya mpunga mpaka upande wa Ngonga.

Njia za huko si barabara. Ni vijia vinavyopita juu ya matuta, na mvua ikikolea hata matuta yenyewe huyaoni. Hata hivyo kila kitu kinapita hapo kwa baiskeli: mpunga, kokoa, mikungu ya ndizi, sukari inayotoka Kasumulu, na mara nyingine mgonjwa aliyefungwa kitenge asidondoke.

Mafundi wenzake hawaachi kumtania. Wanauliza ni fundi gani huyu anayefukuza wateja, maana rimu nyingi zilikuwa zinapindia vijitoni, na kunyoosha rimu moja ni shilingi mia mbili.

"Ni kweli nimejipunguzia," anakiri bila kuonekana kujuta. "Lakini kulikuwa na mama mmoja, nilimnyooshea rimu ileile mpaka nikaona haya kupokea hela yake. Nikamwambia, mama, ngoja kwanza niende nikakitengeneze hicho kinachokupindia rimu."

Alikwenda, na alichotengeneza kilikuwa kichekesho. Aliweka ubao mmoja mrefu juu ya mfereji, akapanda baiskeli yake tupu na kuvuka. Watu wakapiga makofi. Kesho yake akafika kijana na magunia mawili ya mpunga, na hapo ndipo fundi alipokumbuka kwamba mwenye mzigo hakai kwenye tandiko. Hutembea kando ya baiskeli akiisukuma. Baiskeli ikapita juu ya ubao, kavu kabisa, na mwenyewe akatembea ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, mikono imenyanyuka kushika usukani.

"Nilitengeneza njia ya baiskeli, nikamsahau mtu," anasema. Tangu siku hiyo kila kivuko chake kina njia mbili, moja ya magurudumu na nyingine, upande wa kushoto, ya miguu.

Mbao za mwembe au mparachichi hazimfai. Zinaoza kwa masika moja. Anataka mninga au mvule, na ubao asioujua vizuri hukata kipande, akakizika kwenye tope la shamba lake la mpunga na kukifukua baada ya mavuno. Maseremala wa Mbeya wananunua mbao za aina hiyo kwa bei ambayo yeye hawezi hata kuitaja, kwa hiyo silaha yake ni mdomo.

Tena si mdomo wake. Kwa miaka mingi aliyekuwa akiomba ni Aliko, rafiki yake tangu utotoni na jirani wa shamba kwa shamba. Aliko alikuwa na maneno. Angemwomba mtu mlango wa ghala la zamani, na mwisho mwenye mlango ndiye anayeshukuru kwamba umechukuliwa.

"Aliko anaomba, mimi nagonga," Andongwisye anasema. "Tulikuwa hivyo."

Mbao walizopewa zililazwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na kila mtu alijua zipo. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Msiba wa Unyakyusa ni wa watu wote, na mtu akifa hakuna muda wa kusubiri mbao za jeneza zishuke kutoka Tukuyu. Wanaume walikuja kwa fundi wamevua kofia, wakasimama pembeni ya migomba wakiziangalia mbao.

"Utamwambia nini mtu aliyefiwa?" anauliza. "Kwamba mbao ni za baiskeli?"

Basi alizitoa. Msimu mmoja zikaenda zote, msimu uliofuata tena. Mbao ambazo zingevusha watu majini miaka thelathini zikashuka kaburini, na kijito cha Lubele, kilicho kipana kuliko vyote, kikabaki na mihimili mitupu. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba marehemu anaweza kulala kwenye mbao zozote. Neno kama hilo, asubuhi ya msiba, nani alitamke?

Novemba iliyopita mbao za Lubele zilikuwa tayari kwa mara ya tatu, zimepigwa randa na kutobolewa matundu ya misumari, mvua zikiwa mlangoni. Wiki hiyohiyo akafariki mzee Ezra, kaka mkubwa wa Aliko.

Safari hii Andongwisye hakungoja wanaume waje. Alizipakia mwenyewe kwenye baiskeli na kuzipeleka msibani. Aliko alimpokea njiani, akamshika mikono, wakalia pamoja.

Seremala alikuwa ameshaanza kupima pale Marta, mke wa marehemu, alipotoka ndani akishikiliwa na wanawake. Aliziangalia mbao. Akauliza zimetoka wapi, akajibiwa ni za Lubele.

"Zirudisheni," alisema. "Ezra hana anapovukia tena. Sisi ndio tunaovuka. Mfungeni kwenye blanketi lake na mkeka wangu wa majani ya milulu."

Wanaume walitazamana. Aliko akamsogelea. "Shemeji, kaka yangu azikwe kama mtu asiye na ndugu?"

"Baba yenu alizikwa na mkeka," Marta alimjibu. "Naye hakuwa na ndugu?"

Mzee Ezra akazikwa na mkeka. Aliko alishika jembe, akafukia kaburi la kaka yake mpaka mwisho, akanawa mikono na kuondoka bila kumuaga mtu.

Mbao zilibaki uani kwa Marta. Andongwisye hakuwa na ujasiri wa kwenda kuzichukua, na hakuwa na uhakika kama anapaswa. Baada ya siku kadhaa mjane akamtumia salamu: zinaniangalia, njoo uzitoe. Akaenda, akazitoa, na kivuko cha Lubele kikakamilika kabla mvua hazijashika kasi.

Marta anakipita kila siku ya gulio na baiskeli ya mpunga. Anajua yanayosemwa nyuma yake.

"Wapo wanaosema nilimdharau mume wangu," anaeleza taratibu. "Mkeka ule niliusuka nikiwa nimekaa kando yake anaumwa. Alikuwa ananishikia milulu. Seremala gani angempa kitu kama hicho?"

Andongwisye alikutana na Aliko siku chache baada ya kivuko kukamilika. Alitarajia ugomvi. Aliko alimwambia jambo moja tu: "Yule ni mjane, alikuwa na uchungu wake. Wewe ungekataa kuzichukua."

Hajamwambia kingine tangu hapo. Akisalimiwa "Ugonile" anaitikia, kwa sababu salamu hainyimwi, kisha anashika njia yake. Rimu yake ikipinda anaipeleka kwa fundi mwingine, mbali, na ili afike huko inambidi aipitishe baiskeli hiyo mbovu mbele ya kibanda cha rafiki yake.

"Inaniuma," Andongwisye anasema, akikaza kamba kwenye mbao za Bi Habiba. "Siwezi kukudanganya. Kuomba peke yangu najifunza. Kukaa bila Aliko sijajifunza."

Mbao za leo ni za kivuko kipya upande wa Ngonga. Ameanza pia kununua mbao laini, moja moja kila anapopata nafasi, na kuziweka darini. Hizo ni za misiba. Anataka siku mtu akifa wasiwepo watu wa kuchagua kati ya njia na jeneza, na asiwepo mjane mwingine wa kusimamishwa pale aliposimamishwa Marta.

Kuhusu Lubele, kazi imebaki moja. Aliko hajakanyaga kivuko kile hata siku moja. Akifika anashusha magunia yake, anayavusha begani moja baada ya jingine, kisha anarudi kuibeba baiskeli, maji yakimfika magotini, hatua chache tu kutoka kwenye mbao kavu. Watu wanamwambia fundi atulie: masika yakikolea maji yatafika kifuani, na Aliko atapanda tu, apende asipende.

Andongwisye anatikisa kichwa.

"Sitaki maji ndiyo yamlete," anasema. "Natamani apande siku ambayo kijito kimekauka, mtu anaweza kupita popote."