Fundi Anayeonja Kwanza

Fundi wa kompyuta wa pale mtaani Remera ana vidole vyembamba visivyotulia, na kabla hajagusa mashine ya mtu hukifuta kioo chake kwa mkono wa shati, hata kikiwa safi. Jina lako haliulizi. Huuliza tu, "Unafanya nayo nini?" kisha husikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kama daktari. Mukagasana, anayewachapia watu barua, hakuipenda hata hiyo namna ya kusikiliza. Kompyuta yake imezeeka, na huyu bwana anataka kuuondoa mfumo wake wa Windows aweke mwingine, Linux.

"Iko ya bure, mama. Leo bure, kesho bure."

"Sasa wewe nani anakulipa?"

Fundi akacheka puani, na shaka ya Mukagasana ikazidi. Ndani ya kompyuta hiyo, katika barua alizochapa, mna talaka za watu na magonjwa yao. Akaikumbatia kompyuta yake kifuani. Fundi hakumbembeleza. Alichukua flashi ile ile ya Linux aliyokuwa amemwandalia, akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, akauwasha mfumo, akaandika barua fupi na kuichapa, yote polepole, akimtazama machoni, kama mwenyeji anayepiga funda la kwanza la pombe ili mgeni aone kwamba haina sumu, ndipo ampe mrija.

Mukagasana aliisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma, akainusa. Kisha akaitazama kompyuta ya fundi kwa muda mrefu, kama anayengoja ianguke kwa sumu.

"Onja tena," akasema.