Kisu cha Pembe Nilichokiacha Mezani

Kisu nilichokikataa siku niliyostaafu sasa kinakaa ndani ya sanduku la kioo jijini Dar es Salaam, na mwenye nacho hakigusi bila kuvaa glovu. Mimi ndiye niliyekitengeneza. Nilikifua kutoka kwenye springi ya lori bovu, na mpini wake ulikuwa pembe ya ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya harusi ya jirani. Kilikuwa kisu changu cha kwanza, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kilikuwa kibaya.

Vijana wanaoona picha za visu vyetu kwenye simu zao huniuliza kipi ni bora, cha zamani au kipya. Nitawajibu, lakini sina budi kuanzia nilikoanzia.

Siku yangu ya kwanza katika karakana, pembeni ya mji wa Sumbawanga, kulikuwa na upepo ule wa Juni unaopenya hadi ndani ya koti. Nilifurahi kupangiwa kazi karibu na moto. Fundi Mkuu alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche. Hakuniuliza jina. Alinipa kipande cha chuma na tupa akasema, "Kisawazishe. Ukichoka, endelea." Jioni alikipitishia kidole kile kipande, akakirudisha kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akaniambia nije kesho.

Tulitengeneza kisu cha kukunja cha aina moja tu, ambacho baadaye watu walikiita "cha pembe". Bapa lilitokana na springi ya gari. Lilifuliwa likiwa jekundu, likachongwa kwa tupa, likapashwa tena na kuzamishwa kwenye oili chafu ili lipoe ghafla na kuwa gumu. Chuma kilichotoka kwenye oili kilikuwa kigumu mno, kingeweza kuvunjika kama kioo, kwa hiyo tulikirudisha juu ya makaa kidogo kidogo mpaka kibadilike rangi. Mafundi wa kwingine hutumia kipimajoto. Fundi Mkuu alituambia tuangalie rangi ya ulezi uliokomaa. Kila mmoja wetu alikuwa amevuna ulezi tangu utotoni, hivyo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Rangi ya ulezi ikipita na chuma kikaanza kuwa cha buluu, kilikuwa kimeharibika.

Jambo lililotutofautisha na karakana nyingine ni namna tulivyokikagua kisu. Aliyekitengeneza hakuruhusiwa kukifunga mwenyewe. Alikishikiza kwa vijiti vya muda, akampa fundi mwenzake. Mwenzake alitembea nacho mfukoni, akakitumia kwa kila kitu: kukata nyama, kuchonga mpini wa jembe, kumenya viazi. Kikimridhisha, alikifungua, akachora alama yake kwa ncha ya tupa kwenye bati la ndani, chini ya pembe, kisha akakifunga kabisa kwa riveti, pini za chuma zinazogongwa pande zote mbili zisitoke. Kisipomridhisha, kilivunjwa juu ya fuawe mbele ya wote. Kwa hiyo kila kisu kilikuwa na alama ya mtengenezaji kwa nje, na alama ya mkaguzi, tuliyemwita shahidi, ndani, mahali ambapo mnunuzi hangeweza kuiona. Alama ya Fundi Mkuu ilikuwa mistari miwili iliyopishana kama msalaba uliolala.

Mimi, kwa haraka yangu ya ujana, kisu changu cha kwanza nilikifunga mwenyewe kabisa, kwa riveti nilizozikata kutoka kwenye misumari. Nilitaka Fundi Mkuu akipokee kikiwa kimekamilika, kinang'aa. Alikikunjua na kukikunja, akasikiliza springi ya mgongo ikigonga, akanitazama.

"Katepa, mimi nitaingilia wapi?"

Sikuelewa. Wenzangu walielewa, wakaanza kucheka.

"Umemfungia shahidi nje, bwana," alisema Bwana Stoo, mtunza vifaa wetu, ambaye hakuwahi kuiacha fursa ya utani impite.

Nilisubiri kivunjwe. Hakikuvunjwa. Hakikupelekwa kuuzwa pia. Fundi Mkuu alikiweka kwenye kabati lake la mbao, akafunga mlango, akaendelea na kazi. Kesho yake Bwana Stoo alinipokea mlangoni: "Ndugu, kisu chako kiko mahabusu. Hakijasomewa shitaka wala hakijaachiwa." Utani huo ulidumu miaka yote niliyofanya kazi pale. Mimi sikuwahi kumuuliza Fundi Mkuu, na yeye hakuwahi kusema. Alikagua visu vyangu vingine vingi na kuvitia alama. Kile cha kwanza kilibaki kabatini.

Baadaye nilipelekwa Matai, kwenye kibanda chetu cha sokoni, kuuza na kutengeneza. Huko ndiko nilikowafahamu wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Hao walikipenda cha pembe kuliko kitu chochote. Waliniambia kwamba porini huhitaji jiwe maalumu la kunolea, jiwe lolote la mtoni linatosha. Mzee mmoja alikuja na kisu kilicholiwa kwa kunolewa mpaka bapa likawa jembamba kama jani la mahindi. Nilipomshauri anunue kingine alicheka. "Hiki kinanijua," alisema, "hicho chako tutaanza kutambulishana."

Kisha nikapelekwa Wampembe, ziwani, na huko hadithi ikageuka. Wavuvi walikata samaki, wakakunja kisu kikiwa na damu na maji, wakakitupa kwenye mtumbwi. Asubuhi kilikuwa na kutu na hakikufunguka. Kibaya zaidi, cha pembe hakikuwa na kizuizi. Bapa lilishikiliwa na springi peke yake, na mkono uliolowa ukiteleza, lingeweza kujikunja juu ya vidole. Niliona vidole vilivyofungwa vitambaa, nikapeleka taarifa.

Meneja wetu aliitisha kikao. Nilikuwepo.

"Fundi, wavuvi wanalalamikia kutu."

"Wakifute kwa mawese," alisema Fundi Mkuu.

"Wameambiwa. Wanasema mawese wanakula."

Hata Fundi Mkuu alicheka. Ndivyo toleo jipya lilivyozaliwa. Bapa lililetwa likiwa tayari, la chuma kisichoshika kutu. Mpini ulikuwa wa plastiki nyeusi, na ndani kulikuwa na kipande cha shaba kilichozuia bapa lisijikunje mpaka ukibonyeze. Riveti ziliondolewa, zikaja skrubu, ili mtu yeyote mwenye bisibisi aweze kukifungua na kukisafisha. Ukaguzi wa mfukoni ulikoma, kwa sababu hapakuwa tena na cha kukagua. Meneja alinirudisha Sumbawanga kusimamia kazi hiyo. Fundi Mkuu hakupinga. Alibaki na moto wake kwenye kona, akitengeneza vichache vya pembe kwa walioagiza, mpaka alipostaafu.

Sasa nijibu swali la vijana. Kama unataka kisu cha kufanyia kazi penye maji, chukua cha skrubu, na usimsikilize mtu anayekiita kisu cha plastiki. Kimeokoa vidole vingi. Makali yake huisha upesi na yanahitaji jiwe zuri, lakini hakitakusaliti mkononi. Kama unachunga, unachonga, au unapenda kunoa jioni, tafuta cha pembe, kifute kila siku, na usimpe mtoto. Na kama unakusanya, kitambue cha pembe hivi: springi ya mgongo ina unene sawa na bapa, pembe haifanani upande na upande, na riveti zimesawazishwa kwa tupa mpaka kidole hakizihisi. Chenye skrubu na pembe kwa pamoja kimeungwaungwa, usikinunue. Cha skrubu unaweza kukifungua wakati wowote. Ndani hakina kitu. Cha pembe huwezi kukifungua bila kukiharibu, na wakusanyaji hawakubali kiharibiwe.

Siku niliyostaafu mimi, tulifuata desturi ya karakana: anayeondoka huchagua kisu kimoja. Fundi Mkuu aliletwa kama mgeni, akiwa na fimbo na koti zito. Mezani palikuwa na kisu kipya cha skrubu, cha mwisho kupita mikononi mwangu. Kisha yeye mwenyewe aliinuka, akaenda kwenye lile kabati lake la zamani ambalo hakuna aliyethubutu kulihamisha, akatoa kisu changu cha kwanza, akakiweka kando ya kile kipya.

Bwana Stoo, naye akiwa mzee sasa, hakuweza kujizuia. "Jamani, leo mahabusu anapewa dhamana!"

Ukumbi wote ulicheka. Nilicheka pia, lakini kitu fulani kilinichoma. Nilikuwa nimeongoza watu, nimefundisha, nimeaga kwa heshima, na bado mbele ya wageni waalikwa ninaletewa kosa langu la ujana lililofungwa misumari. Nikanyoosha mkono, nikachukua cha skrubu.

"Hukishiki hata kidogo?" Fundi Mkuu aliuliza taratibu.

"Nakijua, Fundi. Nilikitengeneza mwenyewe."

"Haya."

Akakitia kwenye mfuko wa koti lake. Tukala, tukapiga picha. Aliponiaga alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, na mimi nilidhani ni uzee tu. Mvua zilipoanza, alifariki.

Ningeishia hapo kama si Bi Rehema, mhandisi mstaafu anayekusanya visu vya kukunja. Alisafiri kutoka Dar es Salaam akiwa na visu kadhaa, nimsaidie kutenganisha vya kweli na vya kuungwaungwa. Aliniamkia, akavaa glovu zake, akavipanga juu ya taulo kwenye meza yangu. Cha tatu nilikitambua kabla hajakiweka chini. Alama yangu ilikuwa ubavuni, imechorwa kwa pupa ya mtu asiyejua kuchora bado.

"Mzee Katepa, hicho unakijua?"

"Hiki ulikipata wapi?"

"Kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Yeye alikipata Mbeya kwa mtu, mtu huyo hakumbuki alikokipata. Ni cha kweli?"

"Ni cha kweli. Nipe bila glovu."

Alisita, akanipa. Nikakipeleka dirishani, kwenye mwanga. Riveti zilikuwa za shaba, zote. Mimi nilikuwa nimetumia misumari. Kisu nilichokifunga mwenyewe kilikuwa kimefunguliwa na mtu, kikafungwa upya kwa mkono uliojua kazi.

Shaba iliingia karakanani pamoja na toleo jipya, wakati Fundi Mkuu bado yuko kwenye kona yake. Inawezekana alikifungua, akaweka alama yake, akanisubiri. Inawezekana pia kwamba fundi wa Mbeya alibadilisha riveti zilizolegea. Nilikwenda Kaengesa kumwona binti yake Fundi Mkuu, anayelima huko na mume wake. Alikikumbuka kisu vizuri.

"Baba mdogo, tangu sherehe yako baba alikaa nacho kibarazani akikinoa," aliniambia. "Tukimuuliza ni cha nani, anasema ni cha Katepa, atakuja."

"Riveti zilikuwa za rangi gani?"

"Mimi nitajuaje riveti?" Akanitazama kwa huruma. "Kwa nini hukuja?"

Nikamuuliza kilikwenda wapi. Baada ya mazishi, vitu vya marehemu viligawanywa kwa jamaa, na kisu kikaenda kilikokwenda.

Ningekishika siku ile mezani, kidole kingenieleza. Kama shaba ilikuwapo tayari, ningeuona mng'ao wake, ningemuuliza, naye angenijibu mbele ya wote, Bwana Stoo akiwepo. Nilichagua kati ya cha zamani na kipya kwa kutazama tu, jambo ambalo maisha yangu yote niliwakataza wanafunzi wangu.

Nilimwomba Bi Rehema ruhusa ya kukifungua. Alikataa kwa adabu, na kwa upande wake ana haki. Nikampa changu cha skrubu tubadilishane, akacheka kidogo, akanirudishia. Lakini aliniruhusu jambo moja. Pembe ya kisu kile ina ufa mwembamba karibu na riveti ya katikati, na kwa tochi ndogo na miwani yangu mtu anaweza kuona sehemu ya bati la ndani.

Niliona mstari mmoja, ulioinama kidogo. Alama ya Fundi Mkuu ilikuwa na miwili. Mahali ambapo wa pili ungepita pako chini ya kichwa cha riveti, na huo mmoja nilioona unaweza kuwa mkwaruzo wa tupa yangu mwenyewe.