Mama wa Kugonga Vyungu

Wageni katika soko la Karungu huelekezwa kwa mama mmoja mrefu awachagulie vitu. Roseline, mwalimu aliyehamishiwa huku mwaka wa uhuru, alimfuata mpaka kwenye vyungu.

"Usinunue kwa macho, mwalimu," mama alisema, akigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chenye mlio safi alimpa Roseline. Chenye ufa wa ndani, usioonekana, alikirudisha chini kwa mikono miwili, polepole, kama anayelaza mtoto.

Walipokuwa wakiagana, Roseline alikohoa. Mama akamgonga mgongoni kwa kidole kilekile, akatega sikio.

Roseline akacheka. "Na mimi je, mama, ungeninunua?"

 Mama alimshika kwa mikono miwili, polepole, akamketisha chini.