Mshenga Joachim na Ukurasa wa Siri

Mjimwema ukitaka kuposa, unamtafuta fundi Joachim. Kushona anashona hivyo hivyo tu, suruali zake zinabana, ila akisimama ukweni wazee hufumba macho kwa utamu. Mwenyewe husema maneno yale aliachiwa na babu yake. Mimi ni jirani yake, na huyo babu nilimjua. Alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Ukweli ni kwamba Joachim huyatoa kwenye simu. Zamani alitafuta bila kujificha, mpaka siku bintiye Leticia alipoiazima simu aangalie matokeo ya mtihani, akakuta baba yake ameuliza mtandaoni mshenga aseme nini akikataliwa. Leticia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamhurumia, akamfundisha kufungua ukurasa wa siri, ule wenye alama ya kofia na miwani, ambao ukishaufunga simu haikumbuki ulikopita. Tangu hapo Joachim akatamba. Akaamini hata mbinguni hawamwoni.

Mwaka huu mpwa wake Remmy alitaka kumwoa Ida wa Majengo. Wakwe hao walishamrudisha mshenga wake wa kwanza kwa kutojua kusema, na Remmy aliapa kwamba akirudishwa tena atahama mji. Joachim akazama kwenye ukurasa wake wa siri, akaibuka na hotuba tamu kweli. Aliyeiandika alikuwa mtu wa pwani, ilijaa minazi, basi kila penye mnazi yeye akapachika mgomba.

Siku ikafika, tukaketi ukumbini kwa kina Ida. Joachim akaeleza jinsi tulivyoiacha migomba yetu, tukaona taa inawaka kwao, tukaja kubisha hodi. Babu Gaspari, mkubwa wa nyumba ile, akafumba macho. Nikajua tumepata mke.

Upande wao akasimama Mama Suzana, muuza vitenge, msemaji anayeogopwa Majengo yote. Akajibu kwa madaha:

"Karibuni, ninyi mlioiacha minazi yenu kwa ajili ya taa yetu."

Babu Gaspari akafumbua macho. Akauliza ni minazi ipi, maana tangu azaliwe hajaona hata mmoja Mjimwema. Mama Suzana akababaika, akaanza kuvutavuta ncha ya kitenge chake. Nikamtazama Joachim, nikaona amekauka. Mwanamke yule alisoma mlemle alimosoma yeye, na akibanwa kidogo atataja alikoyatoa. Hapo posa ya Remmy imekwisha, na sifa za mshenga wetu nazo zimekwisha. Nakiri niliona raha mpaka nikajionea aibu.

Joachim akakohoa.

"Babu, mgeni wa heshima husemwa ametoka kwenye minazi. Ni lugha ya wazee. Marehemu babu yangu aliitumia sana."

Babu Gaspari akafikiri, akasema kweli, wanaojua mambo hayo siku hizi wamebaki wachache. Posa ikapokelewa, vigelegele vikapigwa, wali ukaletwa.

Wakati wa kunawa, Mama Suzana akamsogelea Joachim. Nilikuwa nyuma yao, na masikio yangu hayana adabu.

"Baba Leticia," akamwambia polepole, "ile hotuba ya harusini, inayomliza mama wa bwana harusi, nimeshaichukua mimi. Wewe katafute nyingine."

Joachim akaitikia kwa kichwa, kama babu yake.