Watoto Hawahesabiwi

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, niliuliza swali la maneno mawili nikiwa juu ya mizigo ya lori: "Tuko wangapi?" Bibi, mama yake baba, alinifunika mdomo kwa kiganja kilichonuka mawese, akaninong'oneza, "We, unataka kutuzika?"

Kwetu watoto hawakuhesabiwa. Mgeni akiuliza mna watoto wangapi, mama alijibu, "Tunashukuru, wapo," na mgeni mwenye adabu aliishia hapo. Aliyeilinda sheria hiyo ni Bibi. Alitusimulia kwamba zamani aliwapanga watoto wake sita mbele ya mtu wa chanjo, akawahesabu kwa sauti huku akiwanyooshea kidole mmoja mmoja. Kabla ya mavuno ya maharagwe, surua ilichukua wawili. "Mbuzi ndiyo inahesabiwa," alisema. "Mtoto ukimhesabu, umemwonyesha." Umemwonyesha nani, hakusema.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Baba yangu hakuwa mzembe. Alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waislamu pale Gitega, mtu wa chaki na futi. Vita vilipokaribia na milio ya risasi ikaanza kusikika upande wa Bugendana, alijiandaa kuliko jirani yeyote. Alishona mifuko ya turubai yenye mikanda ya mabegani, kila mtu wake kwa kimo chake. Alikifungua kichwa cha cherehani akakizungushia blanketi. Alitafuta lori la kutupeleka Muyinga kwa mjomba, akachukua na karatasi ya ruhusa ya kusafiri komini, kwenye ofisi ya serikali.

Na alitufanyisha mazoezi. Alipiga ubao wa meza, pa! Sisi tukakimbilia chini ya meza ya kukatia, nyuma ya majora ya vitambaa, kimya. "Hakuna kutoka mpaka nikuite kwa jina lako," alituambia. Mwajuma, mdogo wangu wa miaka minne, ndiye aliyekuwa bingwa. Kaka zangu wawili walicheka chinichini. Yeye hata pumzi aliificha.

Lori lilikuja asubuhi, jua limeshatoka. Mama aliingia mbele pamoja na mtoto mchanga. Baba alipakia mifuko akiihesabu kwa sauti: kumi na moja. Akarudia: kumi na moja. Dereva akabamiza mlango wa nyuma wa lori, chuma kwa chuma, mlio wa kushtua mtaa mzima. "Twende, fundi, twende! Tukichelewa watafunga barabara!"

Sisi wa nyuma tulidhani Mwajuma yuko mbele na mama. Mama alidhani yuko nyuma nasi. Mimi nilikuwa nimeanza shule, nahesabu kila kitu, miti, madirisha, vifungo vya shati. Nikatazama vichwa vyetu, nikaona pengo. Ndipo nikauliza. Baba alisikia. Nilimwona akigeuza uso, kama mtu asiyetaka kugombana na mama yake mbele ya watoto. Wakati huo hatukuwa hata tumepita nyumba za mwisho za mji.

Nikanyamaza. Hilo nalo nalisema.

Baada ya mwendo wa zaidi ya saa moja, tulifika kwenye bariyeri, kizuizi cha jeshi barabarani. Mwanajeshi akachukua karatasi. Baba, bila Bibi kujua, alikuwa amemtajia karani wa komini idadi yetu. Mwanajeshi akatuhesabu kwa Kirundi, akaanzia nyuma, akaenda mbele, akarudi. Bibi alifumba macho.

"Fundi, karatasi inasema watoto watano. Mi naona wanne. Umeuza mmoja njiani?" Akacheka peke yake.

Mama akateremka. "Mwajuma iko huko na nyinyi, si ndiyo?"

"Si iko na we?" Baba akasema.

Mama hakulia. Alipanda nyuma akaanza kufungua mifuko. Mmoja baada ya mwingine, mifuko yote kumi na moja, akitumbukiza mikono ndani ya unga na nguo, kana kwamba mtoto anaweza kuwa humo. Dereva alikataa kurudi. Baba akaruka chini, hakuchukua hata maji, akaanza kutembea kuelekea Gitega. Sisi tukaendelea.

Siku nne tulikaa Muyinga, nyumbani kwa mjomba nyuma ya soko, mama amesimama kando ya barabara tangu asubuhi mpaka giza. Siku ya nne baba akatokea akisukuma baiskeli ya kuazima, Mwajuma amefungwa kwenye keria kwa kitambaa, midomo imepasuka.

Alimkuta chini ya meza. Mlango wa lori ulipobamizwa, alifanya alichofundishwa. Jirani aliingia ndani mchana ule, akauliza, "Kuna mtu?" Mwajuma alimsikia. Hakutoka, kwa sababu hakuitwa kwa jina. Alikaa pale mchana na usiku mzima, akinyonya ncha ya kitambaa. Katika familia nzima, yeye peke yake ndiye aliyefuata mpango wote.

Na Bibi, akimpakata, akasema, "Mnaona? Sisi hatukumhesabu. Ndiyo maana Mungu ametulindia." Watu wazima wote chumbani wakaitikia amina. Hata mama! Nilibaki nimeduwaa, na kusema kweli, mshangao ule haujanitoka.

Nimeitumia hoja hii kwenye mijadala ya kampasi na nimeshinda. Tulihesabu unga, nasema, tukaogopa kujihesabu wenyewe, halafu tukaita hiyo baraka. Ukumbi hupiga makofi. Lakini nikirudi chumbani namwona Bibi kijana, amenyoosha kidole, watoto sita wamesimama mstari. Aliishi miaka yote akiamini kidole chake ndicho kilichoua wawili. Namwelewa. Sikubaliani naye.

Mama, kwa upande wake, hakubishana na mtu. Baada ya Mwajuma kurudi, tukiwa bado Muyinga, kila ikisikika tetesi ya mapigano, alisimama mlangoni akatuita kwa majina, kila mmoja akaitikia kwa Kirundi, "Karame!" Bibi alisikiliza, akitafuta kosa. Hakuna namba, hakuna kidole. Jioni ya tatu akauliza kwa hasira, "Na mi je, siitwi? Mi ni mfuko?" Mama akamwita, naye akaitika kwa sauti kuliko sisi sote.

Mwajuma sasa ni mtu mzima. Ukimgongea mlango hafungui, hata kama anakutarajia. Lazima umwite kwa jina.

Basi wewe unayenisoma, sikuombi uache imani ya bibi yako. Nakuomba jambo moja: leo, kabla hamjalala, chagueni nani nyumbani kwenu ataita majina siku ya kukimbia, na mwambieni mwenyewe ajue.