Ngazi Hailipi Pensheni

Nakumbuka alfajiri moja, saa kumi na moja kasorobo, nikilinda lango la jumba la makazi kule The Pearl, mtaa wa matajiri jijini Doha, Qatar, magoti yangu yalipokataa kunibeba. Yalikuwa yamefura, na macho yamewiva mekundu. Mwanangu, nilikuwa bado kijana, askari aliyestaafishwa mapema, na ugonjwa ule niliujua. Ulinianza katika kambi ya kulinda amani, wiki chache baada ya kuhara damu kulikonilaza hospitali ya jeshi. Kuhara kulipona, lakini kinga ya mwili haikuweka silaha chini. Ilipomkosa adui, iligeukia viungo vyangu.

Jeshi lilikuwa limekubali kwamba kuhara nilikupata kazini. Kuhusu viungo, bodi ya pensheni ilitaka daktari bingwa aandike kwamba ugonjwa wa pili umezaliwa na ule wa kwanza. Bila hivyo, dai langu lingefungwa.

Sasa, sisi masoja, yaani walinzi wa Doha, tulikuwa na desturi yetu: ukiumwa, sema umeanguka kazini. Aliyeanguka hutibiwa, aliyekuja na ugonjwa kutoka kwao hukatiwa tiketi ya kurudi. Nami nikamwambia daktari bingwa aliyenipima kule Doha kwamba niliteleza ngazini. Akaandika.

Ijumaa, siku ya mapumziko na ibada huko, nikamkuta Sajini Kiprono nje ya kanisa, mtaa wa Mesaimeer. Ndiye aliyekuwa mzee wetu sisi askari wastaafu, na dai lake mwenyewe la pensheni alikuwa amelipigania miaka mingi. Nilimsimulia nikitarajia pole.

"Daktari umemwambia nini?"

"Nilianguka ngazini, Afande."

"Ngazi!" Alicheka hadi watu wakageuka. "Basi kaidai ngazi ikulipe pensheni." Kisha uso ukamkauka. "Kijana, bodi husoma maneno ya daktari, haisomi moyo wako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Rudi ukaseme kweli."

"Na kampuni ikinirudisha nyumbani?"

"Itakurudisha. Hata ukinyamaza itakurudisha, siku magoti yatakapokwisha, na utafika mikono mitupu."

Jumapili nilirudi. Kampuni ilimtuma msimamizi wangu, Mganda aitwaye Okello, anisindikize. Aliketi pembeni, simu mkononi.

"Daktari, sikuanguka," nikasema.

Okello akaiweka simu chini. "Wewe soja, unajua unachofanya?"

"Najua, bosi."

Nilieleza yote, tangu kambini. Daktari hakunikaripia, ila alisema neno langu peke yake halitoshi. Alitaka damu ipimwe upya na nakala za hospitali ya jeshi. Ndugu yangu alizituma kutoka nyumbani. Ndipo daktari akaandika kwamba kwa uwezekano mkubwa viungo viliharibiwa na mwitikio wa mwili kwa kuhara kule.

Viza yangu ilifutwa kabla ya mwezi kwisha. Okello alinibebea begi hadi kwenye gari, bila kuniangalia. Nyumbani, bodi ilikuta maelezo mawili yanayopingana, ikaniita na kunihoji tena na tena, mwaka ukapita. Mwishowe ilikubali.

Mwanangu, mbele ya daktari sema ugonjwa ulivyoanza, hata kama mwajiri wako anasikiliza. Kabla hujavua sare, omba nakala za matibabu yako yote. Wala usidhani neno ni la hekima kwa sababu chumba kizima cha walinzi kinalisema.

Mungu akupe mwili unaokutii. Na siku utakapokuasi, akupe ulimi usiotetemeka.